MASHAURI YA JUMA: Mashua Iliyopanda Fungu

Zamani mwenye chombo alikuwa nahodha mwenyewe, aliyekijua chombo chake tangu mbao zake zilipokuwa bado magogo uwanjani kwa fundi. Siku hizi sivyo tena. Katika pwani ya Kenya, na vilevile katika Ziwa la Victoria, mwenye mashua aweza kuwa mkulima wa maembe, au karani wa afisi ambaye hajapata kushika usukani hata siku moja, bali ametoa fedha pamoja na wenzake ili wanunue mashua na mashine ya kufunga nyuma. Watu kama hao hujua bei ya petroli, hujua nauli ya kila abiria, na daftari zao za hesabu ni safi. Lakini siku wanapoletewa habari kwamba mashua yao imepanda fungu, huuliza neno moja tu: "Imetoka?" Wakijibiwa kwamba imetoka, hushukuru wakaenda kulala.

Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni kama mashua ingali nzima, na jibu lake halipatikani kwa kuitazama kutoka gatini.

Na uchukuliwe mfano wa mashua moja ya mbao, yenye urefu wa futi 25 na mashine ya nguvu za farasi 40, mali ya watu sita. Yatoka Faza katika kisiwa cha Pate mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, ikiwa na abiria 11 na vikapu 30 vya maembe. Lori la kuyapeleka maembe Mombasa langoja Mokowe. Mizigo ilichelewa kufika pwani, na nahodha hakupenda kuondoka, lakini aliombwa akakubali. Kwa hiyo mashua yaingia Mkanda maji yakiwa yameanza kupwa. Mlango ule mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili, umejulikana tangu enzi za majahazi kuwa ni njia ya kungojea maji. Katika kona moja mashua yagusa, yanyanyuka omo, yakwaruza kitu kigumu kwa mlio usiopendeza, kisha yasimama.

Kijana mmoja baharia apaza sauti: "Ami, tia nyuma kwa nguvu! Maji hayajaenda mbali!"

Nahodha azima mashine, aiinua juu, kisha asema kwa upole: "Funua ubao wa ngamani kwanza, mwanangu. Tuone ndani kabla ya kuona nyuma."

Abiria hawakufurahi. Kila mtu aliona maji yakishuka katika mizizi ya mikoko, na mwenye maembe alianza kuhesabu hasara kwa sauti. Tena shauri la kijana halikuwa la kipumbavu. Katika pwani hii, toka maji kujaa mpaka kupwa ni muda wa saa 6 na robo hivi, na siku za bamvua maji hushuka kadiri ya mita 3. Hayashuki kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hushuka kidogo, kadiri ya sentimita 25, saa ya pili 50, saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio, sentimita 75 kila saa moja, yaani zaidi ya sentimita moja kila dakika. Mtu akipoteza robo saa wakati ule, amepoteza kina cha kutosha kumlaza pale mpaka jioni.

Lakini kufunua ubao na kutazama ngama ni kazi ya dakika mbili. Bei yake ni sentimita mbili za maji. Kwa bei hiyo nahodha hununua jambo lisilopatikana kwa fedha, nalo ni kujua kama ana tundu au hana. Chombo kilichokwama hakizami. Kinachozama ni kile kilichokokotwa kwa nguvu kikapelekwa penye maji mengi huku tundu lake li wazi. Jiwe lililotoboa ubao aghalabu ndilo lililoziba tundu lile, na mwenye haraka huling'oa jiwe pamoja na kizibo chake.

Makarani wanaopenda hesabu na watazame hii. Tundu la upana wa sentimita mbili na nusu, kadiri ya kidole gumba cha mtu mzima, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza lita zaidi ya 40 kila dakika. Hayo ni zaidi ya madebe mawili, dakika moja baada ya nyingine, bila kuchoka. Tundu hilohilo likiwa chini zaidi, kwa mfano sentimita 90, huingiza lita zaidi ya 70. Mtu mmoja mwenye upo au ndoo aweza kushindana na lile la kwanza kwa muda kidogo, akiwa na hofu nzuri. Na la pili humshinda mapema.

Hatari hii haikuanza na mashine. Usiku wa tarehe 11 Juni, 1770, nahodha James Cook wa Uingereza alipanda mwamba wa matumbawe katika pwani ya mashariki ya Australia, akiwa na merikebu iitwayo Endeavour. Maji yalikuwa yamejaa alipokwama, jambo lililo baya kuliko yote, kwa kuwa maji yanayofuata huenda yasifike pale tena. Watu wake walitupa baharini mizinga sita, mawe ya kutia uzito, mapipa na vitu vingine vya uzito wa kadiri ya tani 40 au 50, wakatia nanga mbali penye maji ili waivute merikebu. Walikaa mwambani muda wa saa 23. Cook aliogopa kwamba ikitoka itazama, maana maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu, lakini hakuwa na njia nyingine. Ilipotoka, kijana mmoja, Jonathan Monkhouse, aliyekuwa ameona kazi hiyo ikifanywa katika chombo kingine, alitandaza nyuzi za kamba na sufi juu ya tanga, nalo likapitishwa chini ya merikebu kwa kamba mpaka likafunika mahali palipoumia. Maji yalipungua mara moja. Baadaye walipoipandisha pwani mtoni waliona ajabu: kipande cha tumbawe kilikuwa kimevunjika mwambani na kubaki ndani ya tundu, kikiziba sehemu yake kubwa. Kama kingalianguka, huenda merikebu isingalifika mtoni.

Yafaa nahodha wa mashua ndogo aikumbuke habari hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, akikuta jiwe au kipande cha mti kimesimama ndani ya ubao, asikichomoe mpaka mashua iwe nchi kavu. Ya pili, kizibo kizuri hutiwa kutoka nje, maana maji yenyewe hukisukuma kiingie. Kipande cha tanga, turubai, au hata mkeka uliokunjwa na kufungwa vema huwa na kazi kubwa kuliko matambara mengi yanayoshindiliwa kutoka ndani. Kwa ndani, kabari ya mti laini iliyozungushiwa nguo yenye mafuta hufaa, ila isipigwe kwa nguvu katika ubao uliokwisha kupasuka, isije ikaupasua zaidi.

Katika mfano wa mashua ya Faza, ngama ilionekana kuwa kavu, illa unyevu mwembamba kando ya mkuku upande wa kulia. Nahodha aliwahamisha abiria waende tezi ili omo ipate wepesi, akawaambia mabaharia wasukume kwa pondo. Mashua haikwenda. Walijaribu mara ya pili wakitikisa chombo huku na huku, haikwenda. Hapo nahodha aliacha. Wapo manahodha ambao wangaliendelea na mashine, na hapo ndipo hasara ndogo huwa kubwa. Mashine ya nyuma hupozwa kwa maji inayoyavuta yenyewe kutoka chini. Ikiwashwa juu ya fungu, huvuta mchanga na tope. Gurudumu dogo la mpira lililo ndani ya pampu huliwa, mashine hupata moto kupita kiasi, na mwenye mali hununua mashine mpya kwa sababu ya kutaka kuokoa saa sita. Tena mapanga ya rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, hupiga mawe mara kwa mara, na kila pigo hupanda kwa ekseli hata kwenye gia.

Akachukua nanga kwa mtumbwi mdogo, akaitia mbali penye mkondo, akafunga kamba omo. Kazi hii wengi huisahau kwa sababu mashua imekwama na haiendi po pote. Lakini maji yatakaporudi yataiinua kidogo na kuisukuma juu zaidi ya fungu, ikawe kazi mpya. Kadhalika alichomeka magogo mawili ubavuni, ili mashua isilalie upande uliokwaruzwa. Abiria walichukuliwa na mashua nyingine iliyokuwa ikitoka Lamu, nayo ikachukua vikapu 12 vya maembe. Vikapu 18 vilibaki.

Ndipo bahari ilipomfungulia nahodha uwanja wa fundi bila malipo. Maji yalipokwisha, mashua ilikaa wazi kwa saa nyingi.

Mashua ya mbao iliyopakwa deheni huandika habari zake yenyewe. Mahali palipokwaruzwa pana mstari, na mstari huo ni barua kwa anayejua kusoma: wapi pigo lilianza, lilikwenda upande gani, na lilipokoma palikuwa na nini. Mkaguzi huufuata mstari kwa mkono wala si kwa macho tu, kwa kuwa mkono hutambua ubao ulioingia ndani kidogo ambao jicho hulidanganya jua. Hutazama mkuku kwanza, kama umepasuka au kuchanika. Kisha ule ubao wa kwanza ulioungana na mkuku, ambao ndio unaoumia mara nyingi. Kisha viungo vya mbao, kama pamba ya kalafati imetoka au imelegea. Kisu chembamba hupita juu ya kiungo bila kushindiliwa. Kiungo kizima hukizuia. Kilicholegea hukiacha kizame. Misumari nayo hutazamwa, kwa maana kichwa cha msumari kilichojitokeza ni dalili ya ubao uliovutwa ukarudi.

Lakini jeraha la nje si jeraha lote, na hapa ndipo wakaguzi wengi hukosea. Pigo la mkukuni halikai mkukuni. Hupanda kwa mataruma, na huenda likavunja taruma moja mita mbili mbali na mahali palipoguswa, hasa chini ya kitu kizito kama tangi la mafuta au shehena. Kwa hiyo baada ya kutazama nje, hapana budi kuingia ndani, kuondoa mbao zote za sakafu, na kupita taruma baada ya taruma kwa taa na mkono. Ufa mpya katika taruma una rangi safi. Ufa wa zamani ni mweusi na una uchafu. Ule ubao mnene wa tezi unaoshika mashine nao hutazamwa, kwa maana mashine ilipogonga chini ilikuwa ikiuvuta kwa uzito wake wote. Mtu mmoja aishike mashine na kuitikisa, mwingine atazame kwa ndani kama ubao unacheza.

Mashua za faibaglasi, ambazo zimekuwa nyingi, zina udanganyifu wao. Nje huonekana nyufa nyembamba kama utando wa buibui au miale ya nyota, na mwenye chombo husema ni rangi tu. Huenda ni rangi tu. Huenda pia nyuma yake tabaka zimeachana. Njia iliyo rahisi ni kuugonga ubavu polepole kwa mpini wa bisibisi au kipande cha mti, kuanzia mahali palipo pazima na kusogea penye shaka. Penye uzima hulia kwa sauti kavu na ya juu. Palipoachana hulia kwa sauti nzito, kama boga. Palipo na shaka huzungushiwa chaki. Faibaglasi iliyopasuka hunywa maji kwa siku nyingi bila kuvuja sana, na ubao ulio ndani yake, kama upo, huoza kimya.

Baadaye ni zamu ya mashine. Rafadha huzungushwa kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na waya wa kuwashia umeondolewa, wala hili la waya si la kupuuzwa: vidole havinunuliki dukani. Mtu ashike kijiti karibu na ncha ya panga moja, azungushe, aone kama mapanga yote yapita karibu na kijiti kwa umbali uleule. Panga lililopinda hujulikana mara moja. Kama ekseli yenyewe imepinda, kitovu cha rafadha kitaonekana kikicheza kinapozunguka, na hapo kunyosha mapanga ni kazi bure. Baadhi ya mashine ndogo zina pini iliyowekwa ili ikatike yenyewe rafadha inapogonga kitu, na baharia mwenye busara huwa na pini mbili au tatu sandukuni. Zilizo kubwa zina kiini cha mpira ndani ya rafadha. Kiini hicho kikiachia, mashine hulia sana na mashua haiendi, na nahodha asiyejua hudhani gia zimekufa.

Oili ya gia hutoa ushahidi usiosema uongo. Ikifunguliwa kidogo chini na kuonekana imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwa kuwa mpira wa kuyazuia umeharibika. Mashine hiyo itakwenda leo na kesho, na huenda juma zima, kisha itasimama siku ya mawimbi. Vitundu vya kuvutia maji ya kupozea vyapaswa kusafishwa kwa waya laini. Na mashine ikiwashwa tena ndani ya maji, mtu na atazame ule uzi wa maji unaoruka kando yake. Ukitoka kwa nguvu, vema. Ukitoka dhaifu au usipotoka, mashine izimwe bila kungoja harufu ya kuungua.

Mashua zenye mashine ya ndani zina mambo mengine mawili. Chujio la maji ya bahari hujaa mchanga, na lazima lisafishwe kabla ya kuondoka. Tena pale ekseli inapopita ubavuni kutoka nje, maji huanza kuingia kwa sababu ekseli haiko tena katika mstari wake na injini. Nahodha akisikia mtetemo ambao jana haukuwapo, asijizoeshe kuupenda.

Usukani hugeuzwa kutoka kulia kabisa mpaka kushoto kabisa, ukisikilizwa. Mabomba ya petroli hufuatwa kwa mkono mpaka kwenye tangi, maana tangi lililosogea kwa pigo huvuta bomba likachanika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hukaa ngamani pasipoonekana. Kabla ya kuwasha mashine yo yote, mbao za sakafu ziachwe wazi upepo upite, na mwenye sigara apelekwe mbali.

Katika mfano wetu hayo yote yalionyesha mambo matatu. Pamba ya kalafati ilikuwa imetoka katika kiungo kimoja karibu na mkuku, urefu wa shibiri moja. Msumari mmoja ulikuwa umeinuka. Panga moja la rafadha lilikuwa limepinda. Nahodha alitia pamba mpya iliyolowa mafuta, akaipiga polepole, akapaka deheni juu yake, akageuza rafadha na ile ya akiba. Jua lilipokuwa likielekea kutua maji yalirudi, mashua ikaelea, wakaivuta kwa nanga bila kuwasha mashine mpaka ilipofika penye kina. Wakaenda polepole hata Mokowe. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

Asubuhi yule karani anayetunza hesabu za ushirika alifika gatini. Aliitazama mashua, akaiona inaelea vizuri, akauliza kwa nini tangazo la safari ya Faza limeondolewa.

"Bwana Karani," alisema nahodha, "chombo kinaelea, lakini sijakijua."

"Bwana Nahodha, abiria wako pale juu na nauli mkononi. Na kile ninachokiona mimi ni mashua nzima."

Nahodha hakubishana. Alimwonyesha ndoo. Usiku ule, baada ya kuikausha ngama kwa sifongo, alikuwa ameiacha mashua tupu palipotulia tangu saa mbili ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Kabla ya kupanda fungu, kwa muda kama huo, mashua hiyo ilikuwa ikiingiza nusu ya ndoo, kama ilivyo desturi ya mashua ya mbao. Usiku ule ilikuwa imeingiza ndoo tatu. Tena alikuwa ameyaonja maji yale. Yalikuwa ya chumvi, basi si ya mvua wala si ya pipa la kunywea.

Jaribio hilo la ndoo ni jepesi kuliko yote, nalo halihitaji fundi wala shilingi moja, lakini lina sharti: mtu awe anajua kiasi cha siku za uzima. Mwenye mashua asiyepata kupima maji ya ngama siku chombo kilipokuwa kizima hana cha kulinganisha. Na mashua ya mbao iliyokaa sana juani huvuja siku ya kwanza inaporudishwa majini, kisha mbao hunywa maji zikavimba, viungo vikajifunga. Mtu asiyejua hilo aweza kuogopa bure, au, lililo baya zaidi, akazoea kusema "itavimba tu" hata pale palipovunjika.

Karani aliuliza kama ndoo tatu zaweza kuzamisha mashua. Haziwezi, zikiwa ni hizo tu na mashua ikiwa imetulia. Lakini mashua iliyotulia si mashua iliyo safarini. Mashine ikivuta, abiria 11 wakikaa, na mawimbi ya kaskazi yakipiga omo kila dakika, mbao hujipinda na kujinyosha, na kiungo kilichokuwa kikilia machozi hufungua kinywa. Karani alikunja daftari lake. Mashua ikapandishwa.

Wasomaji wa upande wa ziwa hawana kupwa na kujaa kwa kuwasaidia, na hili huwabadilishia mambo. Mashua iliyokwama katika ghuba ya Winam haitainuliwa na maji ya jioni. Hapana budi ipunguzwe mizigo na kuvutwa. Tena upepo wa ziwani hupata nguvu alasiri, na mawimbi huipiga mashua juu ya jiwe lilelile mara mia, kwa hiyo kungoja mno nako ni kosa. Kuonja hakufai pia, maana maji ya nje na ya mvua yana ladha moja. Lakini kufunua ngama kwanza, kutia nanga, kupima kwa ndoo, na kuikagua mashine ni yaleyale. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hata kupita kiasi cha mwaka 1964, ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na maji yakafunika mashamba, nyua na miti karibu na fuo nyingi. Nguzo ya ua iliyo chini ya maji haionekani, nayo haisogei kama mchanga. Hugonga mahali pamoja padogo kwa nguvu zote za chombo. Mashua iliyogonga nguzo huenda isiwe na mkwaruzo wo wote wa kuonekana, bali tundu moja tu, au ubao mmoja uliopasuka kwa ndani.

Kwa mashua inayochukua abiria, habari ya kupanda fungu haiwi ya wenye mashua peke yao. Kenya Maritime Authority, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo yenye kazi ya kusimamia usalama wa vyombo, vidogo kwa vikubwa, na mashua iliyoumia yastahili kuonyeshwa mkaguzi kabla ya watu kupanda tena. Wenye bima nao watatakiwa kueleza siku, saa, mahali, na lililoonekana. Maelezo yaliyoandikwa siku ileile kwa kalamu hupokewa vizuri kuliko yale yanayokumbukwa baada ya mwezi, na katika hili makarani wana faida kuliko manahodha.

Mashua ya Faza ilikaa juu siku tisa. Fundi alipoondoa tangi la mafuta, ambalo nahodha hakuweza kuliinua peke yake kule funguni, aliona taruma mbili zimepasuka chini yake, mahali ambapo nje hapakuwa na alama hata moja. Mataruma mapya yalitiwa, kiungo kikakalafatiwa chote badala ya ile shibiri moja, na rafadha ikanyoshwa ikawa ya akiba. Vikapu 18 vya maembe viliuzwa Mokowe kwa bei ya chini, ila vitatu vilivyotupwa. Siku mashua iliporudi majini iliingiza ndoo moja na nusu usiku wa kwanza, ndoo moja usiku wa pili, na usiku wa nne nusu ya ndoo. Karani alikuja gatini kila alfajiri kuhesabu. Katika daftari la ushirika, kando ya petroli na nauli, alipiga mstari kwa rula akaongeza safu mpya yenye kichwa cha maneno mawili: "Maji, ndoo."